Je, Wajua? Maji Yakizidi kwenye Chupa ya Uzazi

Je, wajua kwamba mwanamke wa Mtongwe, Mombasa, mwenye mimba ya miezi minane ana maji mbele na maji ndani? Mbele ni mlango wa Kilindini, ndani ni chupa ya uzazi. Leo safu hii inazungumzia yale ya ndani yanapokuwa mengi kupita kiasi, na kwa nini mtu wa ng'ambo hii ajiulize mapema: siku yakimwagika, nitakuwa upande gani?

Je, wajua kwamba maji hayo, mimba ikishavuka wiki ya 20, kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe? Usikunje uso. Taka zake huondolewa na kondo la nyuma na kupitia damu ya mama, kwa hiyo mkojo huo si kama huu wetu. Anapokaribia kuzaliwa hukojoa nusu lita hadi karibu lita nzima kwa siku. Mapafu yake nayo huongeza kidogo.

Kisha anayanywa. Humeza mengi kila siku, utumbo wake unayanyonya, figo zinayachuja, anakojoa, anameza tena. Fikiria tangi la maji nyumbani lenye bomba la kuingiza na bomba la kutoa. Tangi likifurika, ama kinachoingia kimezidi, ama kinachotoka kimeziba. Karibu kila sababu utakayoisikia kwa daktari inaangukia upande mmoja wa hesabu hiyo: mtoto anakojoa kupita kawaida, au hamezi inavyotakiwa.

Je, wajua kiasi chenyewe? Wiki ya 10 maji hayajazi hata vijiko vitatu vya chakula. Wiki ya 16 ni glasi ndogo ya chai. Yakifika kilele, karibu wiki ya 34, huwa kama mililita 800, halafu huanza kupungua taratibu hadi siku ya kujifungua. Zamani, kabla ya mashine, vitabu vya uganga vilisema yamezidi yakipita lita 2. Lakini nani angeyapima kabla hayajamwagika? Kipimo kile kilikuwa cha kusimulia baada ya vita.

Jina la kitaalamu ni polihidramniosi. Hospitalini utasikia tu "maji mengi". Huwapata wanawake kama 1 au 2 katika kila mimba 100, na kwa kawaida huonekana katika miezi mitatu ya mwisho.

Je, wajua kwamba anayeligundua jambo hili kwanza mara nyingi ni nesi wa kliniki mwenye utepe kama wa fundi cherehani? Hupima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita hulingana na wiki: wiki 30, sentimita 30, ikizidi au kupungua kidogo. Tofauti ikipita sentimita 3, unaandikiwa picha ya ultrasound. Usianze kulia hapo. Pengine ni mapacha, au tarehe zilihesabiwa vibaya, au mtoto ni mkubwa, au una uvimbe kwenye mji wa mimba, au hukwenda msalani kabla ya kulala kitandani. Kibofu kilichojaa husukuma mji wa mimba juu, na nesi mzoefu atakuuliza kabla hajatoa utepe mfukoni.

Je, wajua picha huyapimaje? Anayepiga hugawa tumbo sehemu nne, akatafuta katika kila sehemu shimo la maji lenye kina kirefu kuliko mengine, kisha akajumlisha. Njia hii ilielezwa na daktari Mmarekani Jeffrey Phelan na wenzake mwaka 1987. Jumla ikifika sentimita 24 au 25, maji yamezidi. Wengine hupima shimo moja tu, na mpaka wao ni sentimita 8. Kati ya 25 na 30 ni kuzidi kidogo. Ikifika 35, hilo ni jambo kubwa, na uwezekano wa kukuta sababu kwa mtoto au kwa mama unapanda. Basi ukitoka chumba cha picha, usiridhike na neno "mengi". Uliza namba, iandikwe kwenye kitabu cha kliniki, uilinganishe na ya safari ijayo.

Tukiwa hapo kwenye picha: Mtongwe ndipo ilipo kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, jeshi lililoanzishwa Desemba 1964. Wanamaji wa dunia nzima husikiliza kilichomo chini ya bahari kwa kupeleka sauti na kungoja mwangwi wake. Mashine ya kliniki hufanya kazi iyo hiyo, ila bahari yake ni tumbo lako. Aliyeileta katika uzazi ni Ian Donald, daktari wa Glasgow, Scotland, aliyewahi kutumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1955 alipakia kwenye gari uvimbe uliotolewa matumboni mwa wanawake, akaupeleka kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox, ambako mafundi walikuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya chuma. Wao wakaweka na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mwangwi wa nyama na mwangwi wa maji ukatofautiana. Mwaka 1958 yeye na wenzake, fundi Tom Brown miongoni mwao, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Miaka karibu 70 sasa tunaishi na matunda ya kipande kile cha nyama.

Je, wajua kwamba kunywa maji mengi hakuleti hali hii, na kujinyima hakuiondoi? Hili nalirudia kwa sababu kila nyumba ina shangazi mmoja atakayekunyang'anya kikombe. Machi ya Mombasa na tumbo la wiki 34 bila maji ya kunywa ni kujitafutia kizunguzungu, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa.

Madafu? Dafu moja halina neno, ila si dawa ya jambo hili, wala si chanzo chake.

Je, wajua kinachoweza kuwa chanzo, na kinachojificha kwenye sinia ya asubuhi? Sukari. Mama mwenye kisukari, awe alikuwa nacho kabla au kimekuja na mimba, humpitishia mtoto damu yenye sukari nyingi. Mtoto naye, kama mgonjwa yeyote wa kisukari, hukojoa sana, na tangi linajaa. Ndiyo maana jibu la kwanza la daktari akiona maji mengi ni kukupeleka maabara: unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa kabla ya kunywa, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2013, ukifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, una kisukari cha mimba. Kimoja kati ya hivyo kinatosha.

Na hapa sisi wa Pwani tuna kesi ya kujibu. Mahamri manne kwa mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, kaimati jioni. Hakuna anayekwambia uhame meza ya nyumbani kwenu. Hamri moja badala ya manne, mbaazi ziongezwe, chai isiwe na sukari, samaki na mchicha vichukue nafasi ya wali wa pili. Sukari ikishikwa, maji mara nyingi hushuka yenyewe.

Je, wajua kwamba kaswende isiyotibiwa inaweza kuongeza maji? Inamdhuru mtoto, inavimbisha kondo la nyuma. Hupimwa kliniki kwa tone la damu, na penisilini huitibu. Mume naye atibiwe. Akikataa, mmerudi mlikotoka.

Mapacha wanaogawana kondo moja: mmoja anaweza kumnyonya mwenziwe damu. Anayepata nyingi hukojoa sana na kuelea, mwenzake hubaki amebanwa pakavu. Hao huhitaji daktari bingwa haraka.

Je, wajua kundi la damu lina mkono wake? Mama akiwa na damu hasi na mtoto chanya, mwili wa mama unaweza kuivamia damu ya mtoto, mtoto akapungukiwa damu, akavimba, maji yakaongezeka. Kinga yake ni sindano itokanayo na plasma ya watu wachache wenye damu ya aina ya pekee. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alitoa mara 1,173 kati ya 1954 na 2018, akaacha tu kwa sababu umri ulimkataza.

Upande wa kutomeza: kuna watoto ambao koo la chakula halikuungana na tumbo, kama mtoto 1 katika kila 3,500 hivi. Wengine utumbo umeziba chini kidogo ya tumbo, na hapo picha huonyesha mapovu mawili meusi badala ya moja. Wengine ubongo au uti wa mgongo haukuumbika sawasawa, hata amri ya kumeza haifiki. Baadhi ya kasoro hizi za ubongo na uti hupungua mama akipata foliki asidi kabla ya mimba kuingia na katika wiki zake za mwanzo. Kwa hiyo ule unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, ambao sheria ya Kenya tangu 2012 inataka uongezwe virutubishi, una sehemu yake. Vidonge vya kliniki vya chuma na foliki navyo. Mtu anayevitupa chooni kwa sababu vinaleta kichefuchefu ajaribu kuvimeza usiku akienda kulala.

Baada ya orodha hiyo ya kutisha, jambo ambalo lingefaa kutangulia: zaidi ya nusu ya wanawake wenye maji mengi hawakutwi na sababu yoyote. Sukari sawa, damu sawa, mtoto mzima. Maji yamezidi tu, na wakati mwingine hupungua yenyewe kabla ya siku. Hujarogwa, wala jirani hana jicho.

Je, wajua kwamba mwaka 1937 daktari wa Uholanzi, De Snoo, alijaribu kuyapunguza maji kwa utamu? Aliwadunga wanawake wenye maji mengi sakarini ndani ya chupa ya uzazi, pamoja na rangi ya buluu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto akionja tamu atameza zaidi. Rangi ingepitia kwa mtoto, ivuke kondo, itokee kwenye mkojo wa mama, na hivyo kuonyesha kiasi alichomeza. Leo hakuna hospitali inayofanya hivyo. Lakini ukweli wa kwamba mtoto ana ulimi unaotofautisha ladha kabla hajazaliwa ulibaki.

Je, wajua kuishi nayo wiki hizi za mwisho kukoje? Pumzi fupi, kwa sababu mji wa mimba umesukuma mapafu juu. Kiungulia kila baada ya chakula. Tumbo linang'aa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Miguu inavimba, mgongo unauma, usiku hakuna upande unaokaa. Lala kwa ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine nyuma ya mgongo, kichwa kikiwa juu kidogo. Chali usilale: tumbo zito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na chakula cha mwisho kiwe mapema. Leso ikifungwa chini ya tumbo, kwa kuliinua bila kulibana, hupunguza uzito kiunoni. Ile ya kukazwa juu ya tumbo "ili mtoto asipande" iacheni.

Wenye Ramadhani mbele yao: dini yenyewe imempa mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ruhusa ya kula. Kwenye kisukari cha mimba, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Na sisi wengine tunaopanda feri Likoni: mwanamke mwenye tumbo hilo hawezi kusimama kwenye umati wa saa kumi na moja akisukumwa hadi mlango ufunguliwe. Mpishe.

Je, wajua dalili zisizongoja asubuhi? Pumzi inayokata hata ukiwa umelala. Tumbo linalokaza na kulegea kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37. Damu. Mtoto aliyenyamaza kuliko kawaida yake. Uvimbe wa ghafla usoni na mikononi wenye kuumwa kichwa na kuona nyota, ambao huenda ni presha ya mimba. Na tumbo lililokua ghafla ndani ya siku chache: hilo si la kuambiwa "ni mtoto wa kiume".

Sasa lile la chupa. Je, wajua kwamba wanawake wengi, ambao mimba yao imetimia, uchungu huwaanza kabla ya chupa kuvunjika? Wanaotanguliwa na maji ni kama 8 hadi 10 katika 100. Mwenye maji mengi yumo zaidi katika hatari ya kutanguliwa, na huenda kabla ya wakati, kwa kuwa chupa imevutwa kupita kiasi. Humo ndani mtoto ana nafasi ya kuogelea. Jumatatu kichwa kiko chini, Jumatano amelala kukingama, Ijumaa ametanguliza makalio. Maji yakitoka kwa kishindo kabla kichwa hakijakaa nyongani, kitovu kinaweza kutangulia kutoka na kubanwa, na damu ya mtoto ikakatika. Kondo nalo linaweza kubanduka, maana ukuta lilioshikilia umenywea kwa mara moja.

Hapo ndipo Mtongwe inapoingia hesabuni. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa kwamba kuvuka si jambo la kuchukulia kimzaha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama hapa kivukoni na watu 272 wakafa. Kivuko chenyewe kilifunguliwa tena Machi 2017, ila wengi wamezoea kuzunguka Likoni. Hospitali ya Likoni iko upande wetu. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado wanaiita Makadara, iko kisiwani, ng'ambo ya feri. Kwa gari, barabara ya Dongo Kundu sasa inakutoa kusini hadi Miritini bila kugusa feri, na Port Reitz iko upande huo wa Changamwe. Muulize daktari wako mapema, kwa namba yako na jinsi mtoto alivyolala, ni ipi kati ya hizo utakayozalia. Kama jibu ni ng'ambo, basi katika wiki za mwisho tafuta pa kulala kisiwani, kwa dada, kwa somo, kwa yeyote mwenye kitanda. Mimi naona ushauri huu una thamani kuliko vidonge vyote nilivyovitaja.

Je, wajua la kufanya chupa ikivunjika ukiwa ng'ambo hii na ukahisi kitu kimetoka, laini na kinapwita? Hicho ni kitovu. Usikirudishe, usikishike-shike. Piga magoti, kifua chini sakafuni, makalio juu, ili uzito wa mtoto usikilalie, huku mwingine akitafuta gari. Ndani ya gari mkao huo ni hatari, kwa hiyo lala ubavu wa kushoto na leso mbili tatu zilizokunjwa chini ya nyonga. Usitembee. Tuktuk ya kukaa wima haifai.

Hata bila kitovu, tazama rangi. Maji ya kawaida ni meupe au yana unjano hafifu, na hayana harufu ya mkojo. Ya kijani yanasema mtoto amejisaidia ndani. Mekundu, au yanayonuka, kimbia. Muda yalipotoka uandike.

Je, wajua maji yanaweza kupunguzwa kwa sindano? Sindano ndefu hupitishwa tumboni kwa kuongozwa na picha, na maji hutolewa taratibu, lita moja hadi mbili, kwa mama aliyeshindwa kupumua. Waganga wa Ulaya waliijaribu tangu mwishoni mwa karne ya 19, bila picha yoyote, kwa kubahatisha. Maji hurudi, kwa hiyo hufanywa kwa kulazimika. Kuna na dawa, indomethasini, inayopunguza mkojo wa mtoto. Inaweza pia kufunga mshipa ulio karibu na moyo wake kabla ya wakati, na wataalamu wa Marekani mwaka 2018 walishauri isitumiwe kwa kusudi la kupunguza maji pekee. Dukani usiiombe kamwe. Wataalamu hao hao walisema aliyezidiwa kidogo, bila sababu nyingine, asianzishiwe uchungu kabla ya wiki ya 39.

Kuzaa kwa njia ya kawaida kunawezekana. Maji mengi peke yake si tiketi ya upasuaji.

Je, wajua hatari huendelea baada ya mtoto kulia? Mji wa mimba uliovutwa sana ni mvivu kunywea, na usiponywea, damu hutiririka. Jua kundi lako la damu, na ndugu wawili walio tayari kutoa wawe wanapokea simu. Kenya, pamoja na Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ilishiriki katika utafiti uliochapishwa 2023: kitambaa chenye alama za kupimia damu kiliwekwa chini ya mama, na damu ikifika alama, tiba zote zilitolewa kwa pamoja badala ya moja moja. Uvujaji mkubwa wa damu ukapungua kwa asilimia 60. Kitambaa cha plastiki!

Kwa bima ya afya, jiandikishe SHA kabla, maana tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyoshika nafasi ya NHIF, na Linda Mama, ile ya wajawazito, ikawa Linda Jamii. Foleni ya usajili si mahali pa kuvunjikia chupa.

Mwisho, la kwa bibi mzaa mama. Je, wajua kwamba mtoto aliyetoka kwenye maji mengi anapaswa kupitishwa mpira mwembamba kutoka mdomoni hadi tumboni kabla hajapewa chochote? Ni kuhakikisha koo limeungana na tumbo. Ukikwama njiani, chochote atakachopewa kitaishia mapafuni. Kwa hiyo ile tende ya tahniki iliyolainishwa tayari, pamoja na titi la kwanza, vingoje nesi amalize, dakika chache tu. Adhana sikioni haina haja ya kungoja mpira.